Nafasi Kando ya Nzisa

Ikutha,
8 Mei 2025

Kwa Gakenia mpiga picha, Emali.

Salamu nyingi mwanangu. Hunijui, ingawa tumewahi kuongea mara moja, gizani. Jina lako na sanduku lako la posta nimevipata nyuma ya albamu ya harusi ya Nzisa na Gedion. Nduku, mama yake Nzisa, aliniletea albamu hiyo wiki iliyopita, tukaifungua juu ya meza baada ya kunywa chai.

Nakuandikia kwa sababu masikio yangu yamechoka. Simu ninayo, lakini nikiiweka sikioni nasikia mbu tu. Kiswahili nilikipata Voi, kwenye mashamba ya katani, nikiwa msichana. Kama kitakushinda, tafuta mtu akusomee.

Kazi yako ni nzuri. Ule ukumbi wenu wa hoteli, wenye samaki ndani ya kuta za vioo, ulikuwa na giza hivi kwamba nilikula pilau bila kujua nyama iko wapi. Sisi huku si watu wa samaki, na kambale mmoja mwenye sharubu alinikodolea macho kupitia kioo mpaka nikahama kiti. Kumbe wewe uliweza kuona kila mtu. Kila mtu isipokuwa mimi. Nimeipitia albamu mara mbili na sijajiona popote, hata kisigino.

Naomba picha moja tu ambayo niko ndani pamoja na Nzisa. Hata kama si nzuri. Mimi ni yule mwenye kitambaa cha kijani kichwani, uliyemwambia akae. Ukiipata, ipe gari la Kibwezi linalokuja Kitui, waiache hapa Ikutha kwa duka la Mulwa. Ananijua.

Wako,
Katunge Mbaluka, wa upande wa bibi harusi.


Emali,
19 Mei 2025

Kwa Shosho Katunge,

Shikamoo Shosho. Barua yako imenifurahisha. Hakuna mtu ameniandikia kwa mkono tangu nimalize shule, na mama yangu hapa dukani ameisoma yote kabla yangu, akacheka maneno ya kambale.

Nakukumbuka, ingawa si sura. Naomba nikueleze jinsi kazi ya ukumbi ule ilivyo, usidhani nilikudharau. Mwenye hoteli hataki flashi kabisa. Anasema ukiwamulikia samaki wanagonga vioo na wengine wanakufa, na kila samaki ana jina. Taa ni zile za bluu zilizo ndani ya maji tu. Kwa hiyo naweka kamera kwenye miguu yake mitatu na kuiacha ifungue jicho polepole, na watu wasimame bila kutikisika. Anayetembea anageuka ukungu. Tena vioo vinarudisha kila kitu, hata mimi mwenyewe natokea nyuma ya maharusi nikiwa na kamera, ndiyo maana uliniona nimejifunika shuka jeusi.

Nimetafuta kitambaa cha kijani kwenye picha zote nilizomaliza. Nimepata kimoja, lakini ni kama moshi wa kijani karibu na mlango. Ulikuwa unatembea, Shosho.

Nina wazo. Nitumie picha yako yoyote, hata ya kitambulisho, nitakubandika kando ya Nzisa kwa kompyuta. Sijisifu, lakini hapa barabara ya Mombasa hakuna mtu anaweza kugundua. Albamu yote ile nimeisafisha hivyo: macho yaliyofumba nimeyafungua, ngozi za bluu nimezirudishia rangi, watu waliosimama vibaya nimewapanga. Kwa sasa pokea hii ya Nzisa peke yake na samaki wekundu. Ndiyo picha ninayoipenda zaidi mwaka huu.

Wako mtiifu,
Gakenia wa Ngure


Ikutha,
3 Juni 2025

Mwanangu Gakenia,

Picha imefika bila kukunjwa. Amependeza sana. Nduku ameiweka ndani ya Biblia.

Lakini usinibandike. Mimi si stempu. Kama sikusimama pale, basi sikusimama, na sitaki wajukuu waambiwe nilisimama.

Umeniandikia kwa moyo mweupe, na mimi nilikuandikia nikiwa nimefunika nusu ya maneno. Wacha niyafunue. Kwa majina yako naona wewe ni mtu wa Murang'a ingawa unaishi Emali, labda mambo yetu huyajui.

Mume wangu Mbaluka alifariki kabla hatujapata mtoto. Kwetu Wakamba nyumba isiyo na mtoto inazimika na jina linapotea. Lakini tuna njia. Mwanamke kama mimi anaweza kumwoa mwanamke mwingine, amzalie watoto wa nyumba ile, na mwanamume anayewazaa hana dai kwao. Mwanamke huyo tunamwita iweto. Nilipeleka mbuzi kwa kina Nduku, kama vile mwanamume angepeleka, nikamwoa Nduku. Akamzaa Nzisa. Kwa hiyo Nzisa ana mama, na baba yake ni mimi. Mbele ya watu ananiita susu, yaani bibi, ndiyo shosho wenu. Tukiwa wawili ananiita baba. Alianza akiwa mdogo, tukacheka, na hakuacha.

Gedion alipokuja kumposa alileta mbuzi wa ntheo, wale ambao bila hao msichana wetu hahesabiki ameolewa. Waliletwa boma langu, nikawapokea mimi. Dume tulilichinja siku ile. Majike wawili ninao mpaka leo, na mmoja ameshazaa.

Harusi ya kanisa ilipokaribia, mchungaji wa kina Gedion huko Mbooni alisema hataki kusikia habari ya iweto madhabahuni. Akataka mwanamume amshike Nzisa mkono. Ndipo Jonah, kaka yake Nduku, akapewa kazi hiyo. Waliniuliza. Nikasema sina neno. Nzisa alinifuata zizini jioni ile akaniambia, "Kanisani atakuwa mjomba, lakini kwa picha ya wazazi utakuwa wewe. Utasimama kando yangu, mkono wa kulia." Nilinunua kile kitambaa cha kijani kwa ajili ya picha hiyo.

Ukaita, "Baba ya bibi harusi, kuja huku!" Nikaja. Ukaniambia, "Shosho, keti kwanza, nitakuita." Nikatoka nje, nikasimama na madereva. Hukuniita, wala mwingine hakuniita.

Sasa nataka kitu kimoja kwako, na si picha tena. Niambie ni nani aliyekuambia unirudishe. Kama ni mchungaji, sawa. Kama ni Gedion, nitazoea. Kama ni Nzisa, nataka kujua kutoka kwa mtu asiye wa familia.

Katunge


Emali,
13 Juni 2025

Shosho,

Au sijui nikuite nani sasa. Nimekaa na barua yako siku nyingi.

Hakuna mtu aliyeniambia nikurudishe. Si mchungaji, si Gedion, si Nzisa. Ni mimi. Niliita baba, nikaona mama mzee anakuja gizani, nikadhani umekosea zamu. Katika kila harusi kuna shosho anayekuja kabla ya zamu yake, na mimi huwaambia wote maneno yale yale: keti kwanza, nitakuita. Kisha mwenye hoteli akaja kusema samaki wanataka kulishwa, nikaharakisha, nikasahau. Hiyo ndiyo hadithi yote. Ni aibu yangu, haina mtu mwingine ndani.

Nimemuuliza mama kuhusu iweto. Amesema hata kwetu zamani jambo hilo lilikuwapo, na hajui kwa nini hakuwahi kuniambia. Tumezungumza mpaka tukasahau kufungua duka.

Naomba uniamini.

Gakenia


Ikutha,
26 Juni 2025

Mwanangu,

Wewe umelelewa vizuri. Mtu aliyelelewa vizuri huchukua lawama ili mwenye nyumba asione haya. Nami nilipokuwa Voi niliwahi kusema mimi ndiye niliyevunja chungu ambacho sikukivunja.

Ningekuamini kama si ile albamu. Nimeifungua tena kwenye picha ya wazazi. Nzisa yuko katikati, Gedion kushoto kwake, Nduku kulia, kisha Jonah na suti yake ya kuazima. Wamebanana bega kwa bega. Hapo kando ya Nzisa hapana nafasi ya hata kuku kupita. Mtu anayemngoja mwenzake humwachia mahali pa kusimama. Kama Nzisa alikuwa ananingoja, alikuwa ananingoja wapi?

Simlaumu. Ameolewa katika nyumba ya watu wa kanisa sana, na anataka kuishi nao vizuri. Hupiga simu kila Jumapili, Nduku akasema naye, nami napokea nasema niko salama, kisha namrudishia Nduku. Neno la picha hajaligusa, na mimi sijaligusa. Inauma, Gakenia. Sikudhani katika umri huu kitu kinaweza kuniuma namna hii.

Nimeamua. Aliye baba kwenye picha na awe baba na kwenye zizi. Nimemwambia Jonah aje achukue wale mbuzi wa ntheo pamoja na mtoto wao. Mbuzi wakishaingia boma lake, maneno ya Nzisa yatakuwa yake: mgeni akija kwa habari ya Nzisa atapiga hodi kwa Jonah, na mimi nitakuwa susu tu, kama wanavyoniita. Atakuja Jumamosi ya tarehe 19 Julai, siku ya soko. Hatutagombana. Nitampikia.

Asante kwa kuniandikia. Umenipa mtu wa kuongea naye bila kusikia mbu.

Katunge


Emali,
15 Julai 2025

Kwa Mzee Katunge,

Tafadhali usimpe Jonah mbuzi kabla ya kusoma hii. Barua yako ilikaa posta wakati nilikuwa Mbumbuni kwa harusi nyingine, nimeifungua leo asubuhi. Nimempigia Mulwa wa duka nikamwambia bahasha hii ikifika isilale kwake.

Niliposoma habari ya kuku, niliacha kazi niliyokuwa nayo mkononi. Nilikimbia kwenye kompyuta kutafuta picha ile kabla sijaishika, vile ilivyotoka kwenye kamera. Ndiyo hiyo niliyoweka ndani. Ichukue uende nayo mlangoni kwenye mwanga, maana ni ya giza na ya bluu, sikuisafisha hata kidogo.

Hesabu watu. Gedion, Nzisa, kisha hakuna mtu, kisha Nduku, kisha Jonah. Hapo pasipo na mtu, Mzee, panamtosha mtu mzima na gauni lake. Angalia mkono wa kulia wa Nzisa. Umetoka kidogo, kiganja kiko wazi. Haangalii kamera, anaangalia mlango. Ndiyo maana niliiona ni picha mbaya.

Sasa nimekumbuka yote. Nilikuwa chini ya shuka langu nikipiga kelele, "Songeeni! Bibi harusi, songa kwa mama!" Nzisa akasema, "Wacha hivyo, mtu wa kamera. Kuna mtu anakuja." Nikapiga moja, nikapiga nyingine. Hakuna aliyekuja. Nilidhani anaogopa gauni lake lisikanyagwe. Nilipofika nyumbani niliona ukurasa haujakaa sawa, kuna shimo katikati ya watu na samaki mmoja tu ndani yake. Nikawakata Nduku na Jonah, nikawasogeza mpaka wakamgusa Nzisa. Nikaugeuza uso wake kwa kuuchukua kutoka picha nyingine. Kisha nikajipongeza.

Nafasi yako haikuwa imezibwa na mtu yeyote ukumbini. Niliiziba mimi, hapa mezani, nikinywa chai.

Nimempigia Nzisa simu. Amelia, kisha ameniambia nisitume bahasha mpaka afike. Amekuja kutoka Mbooni, ameandika barua yake hapa dukani juu ya kaunta, na iko ndani. Sijaisoma. Mama alitaka kuisoma, nikamzuia.

Gakenia


Emali,
15 Julai 2025

Kwa Baba,

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nikiandika kwa Kikamba nitalia tena mbele ya hawa watu.

Nilikuona ukitoka. Mlango ulifunguka, mwanga wa jua ukaingia, nikaona kitambaa cha kijani kinaenda nje. Sikusikia alichokuambia mpiga picha, muziki ulikuwa juu. Niliona mgongo wako tu. Nikajua umekataa kusimama na mimi kwa sababu nilikubali maneno ya mchungaji. Ulisema huna neno. Nakujua, ukisema huna neno, unalo. Nilitaka kukukimbilia na lile gauni, mama akanishika mkono akasema wacha, atarudi. Hukurudi.

Tangu hapo kila Jumapili napiga simu nikiwa nimejiandaa kukuomba msamaha. Unaniambia uko salama, unampa mama simu. Nikasema bado amekasirika, wacha apoe kwanza. Sikujua na wewe unaniona mimi ndiye niliyekufukuza. Mama naye hakuingilia, alidhani tunanyamaziana kwa jambo letu.

Gedion amejua mambo yetu tangu mwanzo. Ni yeye aliyekuletea wale mbuzi kwa mkono wake, unasahau? Anakuulizia kila mara.

Baba, nilikuwekea nafasi. Walinipigia kelele nisonge, sikusonga. Usimpe mjomba mbuzi wangu.

Nzisa


Ikutha,
22 Julai 2025

Mwanangu Gakenia,

Jumamosi Jonah alikuja mapema na kamba begani. Tulisalimiana, tukala, na mbuzi walikuwa wamefungwa tayari kwenye mti wa lango. Yule mdogo alikuwa anamlilia mama yake kana kwamba anaenda Nairobi. Jonah alikuwa ameshawafungua na ana kamba mkononi aliposimama Mulwa mwenyewe na pikipiki, duka ameliacha wazi siku ya soko, bahasha ameishika kwa mikono miwili. Sijui ulimwambia nini kwenye simu.

Nikamwambia Jonah angoje. Niliisoma barua yako nimesimama. Kisha nikasoma ya Nzisa, nikakaa chini. Kisha nikaenda na picha mlangoni kwenye mwanga, kama ulivyosema. Niliangalia kile kiganja. Gakenia, mimi ni mtu mzima, lakini nililia mbele ya Jonah na Mulwa na mbuzi.

Jonah akaichukua picha akaishika mbali na uso, maana miwani hana. Akasema, "Si hapa ni pako? Mimi nilijua hapa ni pako. Nilisimama kule mwisho nikikungoja, nikadhani umekataa." Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Na wewe uliniambia kuja uchukue mbuzi. Nilijua nitajibu nini?" Akawarudisha zizini mwenyewe, akafunga mlango, akaikunja kamba yake. Alikunywa chai ya pili na kwenda sokoni mikono mitupu, na nadhani alifurahi. Hao mbuzi wana fujo.

Ulinidanganya kwa picha bila kujua, ukanirudishia ukweli kwa picha. Sina kinyongo na wewe hata kidogo. Ila nakuomba ujifunze kuuliza jina la mtu kabla ya kumwambia akae.

Nzisa na Gedion watakuja mwezi wa nane, baada ya kuvuna pojo. Njoo na kamera yako na mama yako anayesoma barua za watu. Kuna mwanga wa kutosha hapa, na hatuna samaki, kwa hiyo utapiga na flashi ukipenda. Tutasimama zizini. Picha hiyo utaichapa jinsi itakavyotoka, macho yaliyofumba yabaki yamefumba.

Ile ya giza usiitengeneze tena. Nimemwambia fundi aiwekee fremu, iko ukutani juu ya meza. Wanawake wa kanisa walikuja jana kwa maombi, wakaiangalia, mmoja akauliza ni nani hayupo hapo katikati. Haya nimesimuliwa na Nduku mwenyewe. Akaweka birika chini, akasema, "Hapo ni pa baba ya Nzisa. Yuko nje, anafunga mbuzi." Na kweli nilikuwa nje, nawafunga.

Ubaki na amani,
Katunge Mbaluka, baba yake Nzisa.